Brashi Iliyotoka Kwenye Soksi

Brashi ilikuwa na florini, na Arvid Slettum aligundua hivyo baada ya kumaliza kuipitisha kwenye skii za Sunniva, mkimbiaji wa timu yake, siyo kabla. Skii zote mbili, mbao nyembamba za kutelezea kwenye theluji, kuanzia ncha hadi mkiani. Zilikuwa zimelala juu ya meza ndani ya lori la nta, nyeusi, laini, zinang'aa kuliko siku nyingine yoyote ya msimu ule.

Mbio za mwisho za msimu zilikuwa zinaanza asubuhi hiyo hiyo. Kabla ya kuanza, kila skii ingewekwa chini ya mashine ya waandaaji. Taa ikiwaka kijani, unakimbia. Ikiwaka nyekundu, unafukuzwa, na jina lako linawekwa kapu moja na majina ya matapeli.

Arvid alikuwa ameitumia florini kwa miaka karibu thelathini, kama mafundi wote wa rika lake wanaopaka skii nta ili ziteleze. Ulikuwa unga wa miujiza. Theluji ikiwa na maji, skii iliyopakwa florini hukimbia kama inayofukuzwa na mbwa. Kisha wataalamu wakapima maji ya visima na damu za mafundi, wakakuta sumu isiyotoka, unga ukapigwa marufuku. Arvid mwenyewe aliona ni haki. Lakini unga ule haufi upesi. Hujificha kwenye manyoya ya brashi kama harufu ya samaki kwenye kikapu, na kidogo tu kinatosha kuwasha taa nyekundu.

Na hesabu ya Kombe la msimu siku ile haikuhitaji kalamu. Tangu Desemba Sunniva Haugseth na Linnea Åkerby, Mswidi, walikuwa wamefukuzana Italia, Ucheki, Uswidi na kurudi Norwei, leo huyu, kesho yule, mpaka wamefika hapa Storvidda wakiwa na pointi sawasawa. Atakayemtangulia mwenzake leo ndiye mwenye Kombe. Sunniva alikuwa na miaka thelathini na saba. Alikwisha kusema huu ndio msimu wake wa mwisho, na hakuwa mtu wa kusema jambo Jumatatu akalimeza Jumanne.

Arvid aliigeuza brashi. Ubavuni mwa mbao kulikuwa na doa jeusi la pasi. Doa hilo alilitia yeye mwenyewe zamani, alipokuwa bado fundi mdogo wa kukimbizana na basi la timu. Hakukuwa na brashi mbili zenye doa lile.

Ilivyofika pale ni jambo la kijinga. Brashi ya lori ilivunjika asubuhi. Arvid akamwambia Hege Moldal, fundi mwenzake, "Nenda kwenye gari langu. Nyuma, kwenye boksi la bluu, kuna brashi." Alimaanisha ile mpya, ambayo ilikuwa bado ndani ya nailoni. Hege alifungua boksi akakuta soksi ya sufu ina brashi ndani. Mafundi wengi huvisha brashi zao soksi, hivyo hakuona ajabu. Akaileta. Arvid aliipokea huku macho yakiwa kwenye kipimajoto. Mkono ukaikamata, ukaanza kazi. Na kwa kuwa mkono uliijua ile brashi kuliko ulivyomjua mtu yeyote, haukushtuka hata kidogo. Brashi ngeni ingemfanya aangalie. Hii haikuwa ngeni.

Lililomkausha mate lilikuwa jambo jingine. Mwaka ule wa marufuku ni yeye aliyesimama uani kwa timu, mbele ya pipa linalowaka moto, akisema kila kitu kitupwe: pasi, vibao vya kukwangulia, brashi, vitambaa. Hege alitupa pasi na brashi mbili alizoachiwa na marehemu baba yake. Alilia, na Arvid alimwambia, "Kazi ni kazi." Yeye alitupa vya kwake vyote isipokuwa kimoja. Alijiambia ni kwa ajili ya skii za nyumbani, za kwendea kwenye kibanda cha mlimani wakati wa Pasaka. Huko bondeni kwao mtu hatupi kitu ambacho bado kinafanya kazi.

Sasa Hege alikuwa pembeni, anafunga vipande vya nta kwenye mfuko.

"Hege," Arvid alisema. "Kanipimie njia. Kilomita ya kwanza. Angalia maji yamefika wapi."

"Si nimetoka huko sasa hivi?"

"Nenda tena. Jua limepanda."

Hege alimwangalia, akavaa kofia, akatoka.

Arvid aliitia brashi kwenye mfuko wa aproni, akafunga mlango, akachukua chupa ya dawa ya kusafishia. Akamwaga, akafuta kwa karatasi safi. Akamwaga tena, akafuta tena. Alijua kabisa anachofanya ni upuuzi. Brashi haipaki juu juu, huusukuma unga ndani ya vinyweleo vya skii, na ukishaingia humo hautolewi na kitambaa. Na hakuwa na njia ya kujua umeingia kiasi gani. Mashine ilikuwa ya waandaaji. Kabla ya mbio hawampimii mtu kwa kujaribu. Ukishawapa skii umewapa, na jibu litakalotoka ndilo hilo. Lakini aliendelea kufuta. Pua ilimwaka kwa dawa.

Mlango ukagongwa, ukafunguka bila ruhusa. Alikuwa Kjell-Åke, fundi mkuu wa Waswidi, pande la mtu lenye ugoro uliofutuka chini ya mdomo.

"Arvid! Bado uko hai? Nilisikia wamekupeleka makumbusho."

"Funga mlango, unaniingizia joto."

"Joto ni la Mungu, bwana. Leo Mungu Mswidi." Kjell-Åke aliingiza kichwa, akanusa. "Mbona kunanuka kama saluni humu? Unamsuka nani?"

Arvid alisimama kati yake na meza. "Nasafisha meza. Sisi huwa tunasafisha. Ninyi mnahamia meza nyingine."

"Ha! Safisha, babu, safisha. Sisi tumeshamaliza, tunakunywa kahawa. Linnea anasema skii zake zinamvuta yeye, siyo yeye anazivuta."

"Mwambie asiziachie zisije zikampeleka mpaka Stockholm."

Kjell-Åke alicheka mpaka ugoro ukataka kumtoka. Kisha akatulia, akamtazama. "We mzima kweli? Umekuwa mweupe kama jibini ya mbuzi."

"Jibini ya mbuzi ni ya kahawia."

"Ya kwenu. Ya kwenu hata jibini mnaiunguza." Akaondoka akipiga mluzi.

Arvid alibaki na kitambaa mkononi. Saa ya ukutani haikumwonea huruma. Pale ukutani kulikuwa na skii za pili za Sunniva, ndizo pekee nyingine zilizofaa kwa theluji iliyolowa, lakini zilikuwa zimepigwa nta ya baridi, maana jana watabiri waliapa kungekuwa na baridi kali. Kuzibadilisha kunataka muda. Unakwangua nta ya zamani, unayeyusha mpya kwa pasi, halafu unaziacha zipoe taratibu, ndipo unakwangua na kupiga brashi. Kupoa ndiko kunakokula muda, na hakuna fundi aliyewahi kuharakisha kupoa. Ukikwangua nta ya moto, nyingine inabaki kwenye skii kama gundi, na mkimbiaji anaiburuta njiani mpaka ichakae yenyewe.

Alijua alitakiwa kuweka pasi kwenye umeme sasa hivi. Alijua pia kwamba akiiweka, Hege akirudi atauliza kwa nini. Hakuiweka. Akafuta tena.

Hege alirudi, viatu vinatoa maji. "Imelowa mpaka chini. Kama uji. Nta yetu ni sahihi, hatubadilishi kitu." Akanusa. "Nini hiki? Umeosha skii?"

"Nimefuta vumbi."

"Kwa dawa? Skii zilizomalizika?"

Kabla hajamjibu, Roar Fjellvang, mkuu wa timu, akaingia, simu sikioni, mkono mwingine mbele. "Lete, lete, lete. Wanafunga dirisha la kupokea. Ziko wapi?"

Roar alizishika skii kwa mkia. Arvid alikuwa amezishika katikati, na vidole vilikataa kuachia. Walivutana kama watoto wanaogombea kigoda.

"Arvid, nini wewe?"

"Zina florini."

Roar alikata simu bila kuaga. Akafunga mlango kwa kisigino.

"Sema tena."

Arvid aliitoa brashi kwenye aproni akaiweka mezani. "Hii ni ya zamani. Nimezipiga nayo. Sikuiangalia."

Hege aliisogelea brashi, akaona doa la pasi, akaona na manyoya yalivyochakaa upande mmoja. Hakupiga kelele. Alisema polepole, "Zangu ulizichoma."

"Hege, sikiliza."

"Za baba yangu ulizichoma mbele yangu, ukaniambia kazi ni kazi. Na hii ulikuwa unailaza kwenye soksi."

"Baadaye!" Roar alisema. "Mtagombana baadaye, mpaka Krismasi mkitaka. Una hakika zimeshika?"

"Sina hakika."

"Umezisafisha?"

"Nimezisafisha. Haisaidii sana."

"Sana. Umesema sana. Kwa hiyo inasaidia kidogo." Roar alipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa mtu mwema siku za kawaida, lakini mfadhili alikuwa amekuja, amesimama nje na koti jipya, na mkataba wa mwaka ujao ulikuwa unangoja matokeo ya leo. "Basi tunapeleka. Ikiwaka kijani, hakuna aliyejua kitu. Ikiwaka nyekundu, ni ajali. Na ajali ndiyo yenyewe, si ndiyo? Hatukukusudia."

"Nani atakuamini?"

"Kuna watu wamewahi kupata nyekundu kwa sababu ya begi tu lililowahi kubeba florini! Begi!"

"Na wewe uliwaitaje? Uliwaita wezi. Nilikuwepo."

"Arvid, ukimpa zile za ukutani umempa mbao za kujengea uzio. Atashindwa. Hapa angalau ana nusu kwa nusu."

"Nusu kwa nusu ya nini?"

Sauti ilitoka mlangoni. Sunniva alikuwa amesimama pale, fulana ya mashindano juu, koti mabegani, glavu mkono mmoja. Hakuna aliyemsikia akifungua. Akawatazama mmoja mmoja, akaitazama brashi, akazitazama skii. Alikuwa amekulia kwenye harufu za nta. Hakuhitaji hadithi ndefu.

"Ni kweli?"

"Ni kweli," Arvid alisema. "Kosa langu."

"Sikuuliza la nani." Akaja mezani, akapitisha kidole kwenye skii kama mtu anayepapasa shingo ya farasi. "Zilikuwa nzuri hizi."

"Bado ni nzuri," Roar alisema. "Sunniva, mama, nisikilize. Miaka mingapi umekitafuta hiki kitu? Zikikubali, leo hakuna wa kukushika."

"Na zikikataa?"

Roar aliitazama simu yake.

"Zikikataa," Sunniva alisema, "Jumatatu naingia darasani, na wanafunzi wangu wameshasoma magazetini. Na mama yangu dukani. Na kila mbio niliyowahi kushinda watu wataanza kuikuna waone kuna nini chini." Akamgeukia Arvid. "Wewe ungefanya nini?"

Arvid hakutaka kuulizwa. "Ningechukua zile za ukutani."

"Ni mbaya kiasi gani?"

"Skii zenyewe si mbaya. Nta ndiyo mbaya. Nikipata muda nazigeuza."

"Muda upo?"

Alitazama saa. Hapo ndipo angesema: ulikuwepo, nimeumaliza kwa kufuta. "Mdogo," alisema.

"Basi unangoja nini, mzee?"

Pasi iliwekwa. Roar alitoka akaenda kumsihi mtu wa dirisha asifunge. Arvid alikwangua nta ya baridi mpaka mabega yakauma, akayeyusha mpya. Hege alifanya kazi upande wa pili wa meza bila kumtazama. Skii zilipotoka kwenye pasi walizichukua wakazilaza nje juu ya theluji ili zipoe, wakasimama kando yake kama watu wanaongoja chungu cha maharage na wageni wameshafika.

"Tunahitaji brashi," Hege alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema tangu pasi iwekwe.

"Ile mpya kwenye gari..."

"Ilikuwa boksi moja na ile. Siigusi."

Akavuka uwanja akaenda moja kwa moja kwa Waswidi. Arvid alimwona Kjell-Åke akiinuka kwenye kiti cha kukunja, kikombe mkononi, akimsikiliza. Kwa mafundi wa nta brashi hainyimwi, hata kwa adui, hata siku kama hiyo. Atakayenyima leo kesho atakwama yeye. Kjell-Åke aliingia ndani akatoka na brashi. Akapaaza sauti ng'ambo ya uwanja:

"Slettum! Ikirudi na harufu ya Kinorwei naichoma!"

Hege alikuwa ameshageuka, anarudi mbio na brashi. Kjell-Åke akakaa, na utani ukamtoka usoni.

Arvid aliweka kiganja kwenye skii. Bado zilikuwa na uvuguvugu. Zilihitaji muda zaidi, kama ule aliokuwa amefunga mlango peke yake. Dirishani Roar alikuwa anapunga mkono kama anayezama.

"Kwangua," Hege alisema.

"Hazijapoa."

"Najua hazijapoa. Kwangua!"

Nta ilitoka laini, imejikunja kama siagi, badala ya kutoka unga mkavu. Brashi ilijaa mara moja. Akapiga alivyoweza. Kisha Hege akazinyakua akakimbia nazo, mabuti yanarusha maji.

Taa iliwaka kijani mara mbili. Sunniva alizivaa, akazisugua mbele na nyuma papo hapo alipo. Arvid alikuwa nyuma ya uzio. Aliuona uso wake ulivyobadilika. Sunniva alizisikia zinashika theluji.

Kwenye mbio ndefu kama zile, kilomita sabini, siku hizi hakuna anayetembeza miguu. Wanajisukuma kwa fimbo zote mbili, mgongo unapanda na kushuka, saa baada ya saa. Skii ikiteleza, kila msukumo unakupa zawadi. Skii ikishika, unajisukuma kama mtu anayesukuma mashua mchangani.

Arvid na Hege waliendesha hadi mlima wa mwisho, mahali pa kumpa Sunniva chupa. Pembeni ya njia familia zilikuwa zimewasha moto, zinachoma soseji, watoto wana mashavu mekundu, bendera zimechomekwa kwenye theluji. Mzee mmoja aliwapa kahawa kutoka chupa ya chai. Arvid aliishika bila kunywa. Hege alikuwa na redio kwenye simu.

Kituo cha kwanza cha kuhesabia nafasi njiani: Linnea kundi la mbele. Sunniva, wa kumi na tisa.

"Wa kumi na tisa," Hege alirudia.

Kituo cha pili: wa kumi na nne, peke yake, hana wa kumkinga upepo kwa mbele. Mtangazaji aliuliza kama anaumwa. Mwenzake akasema labda umri. Arvid alimwaga kahawa kwenye theluji.

Kisha mambo yakageuka. Ile nta iliyobaki ikawa imechakaa, imebaki njiani huko nyuma, na chini yake nta sahihi ikatokea. Wa kumi. Wa saba. Mtangazaji alianza kupiga kelele. Wa nne. Watu waliokuwa wamekaa kwenye ngozi za kondoo karibu na moto wakainuka mmoja mmoja wakasogea njiani. Hege alikuwa ameng'ata glavu.

Linnea alitokea kwanza kwenye kona, peke yake, ameachana na wenzake, kichwa kinayumba. Kjell-Åke alikuwa juu zaidi mlimani anabweka kama mbwa wa kuwinda kulungu. Halafu pengo. Halafu fulana ya Sunniva.

Arvid alikimbia kando yake na chupa, anazama mpaka magotini. "Mita mia! Amechoka! Unamwona? Amechoka!"

Sunniva aliikamata chupa. Midomo yake ilikuwa imepauka, chumvi imemkaukia kidevuni. Akameza mara moja, akaitupa, akasema kwa pumzi iliyokatika, "Sasa zinakwenda."

Akapita. Arvid alisimama pale alipoishia pumzi. Maneno yale yalimwingia kama sindano. Sasa.

Walisikiliza mwisho kwenye simu, vichwa vimegusana, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Sunniva alimfikia Linnea kwenye daraja. Wakaingia uwanjani pamoja. Wakatoka kona ya mwisho pamoja, na mtangazaji akapoteza maneno, akawa anataja majina mawili tu, hili, lile, hili, lile. Kisha likabaki moja. Linnea alitanguliza ncha ya kiatu. Kiatu kimoja.

Hege alizima simu. Akaenda zake kwenye gari.

Roar ndiye aliyetaka zile skii za kwanza zipimwe. Baada ya mbio mashine huwa wazi kwa anayeomba, na yeye alizibeba mwenyewe, Arvid akamfuata. Alikuwa anataka kitu kimoja, na hakukificha: "Zikiwa safi, Arvid, nataka uione hiyo taa kwa macho yako."

Mpimaji alikuwa mama mmoja mwenye miwani kichwani, hana haraka. Akaweka skii ya kushoto. Akapima mbele, katikati, nyuma.

Kijani.

Roar alimshika Arvid ukosi. "Umeona? Umeona! Kombe lilikuwa hapa! Lilikuwa mezani kwako!"

Arvid aliitazama taa. Hakutoa ule mkono.

"Subiri, bwana," yule mama alisema. "Skii ni mbili." Akaweka ya kulia. Akapima mbele, akakunja uso, akarudia. Taa ikawa nyekundu. Katikati, nyekundu. Nyuma, nyekundu. Akateremsha miwani, akawatazama. "Hizi zilikuwa za nani?"

"Hazikukimbia," Arvid alisema.

"Vizuri. Maana moja ingetosha."

Roar aliuachia ukosi, akaunyoosha kwa kiganja kama anayemtengeneza mtoto wa shule. Akaondoka bila neno, akaelekea alikokuwa amesimama mfadhili. Mfadhili alikuwa ameshafungua mlango wa gari lake.

Sunniva alikuwa ndani ya lori, amekaa kwenye boksi, miguu mitupu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka mpaka nyama. Alinyanyua macho.

"Nyekundu?"

"Ya kulia."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kitu kilimlegea mabegani. "Basi ulisema kweli. Ningefedheheka. Asante."

Arvid angeweza kuichukua ile asante akaenda nayo nyumbani. Hakuna aliyejua zaidi ya pale. Roar alidhani Arvid aligundua dakika moja tu kabla yeye hajafika. Hege alikuwa na shaka, lakini hakuwa na hakika. Arvid alivua kofia akaishika.

"Nilijua mapema," alisema. "Kabla ya Roar kuja. Nilifunga mlango nikawa nafuta. Nilikuwa naona aibu kwa Hege."

Sunniva alisimamisha miguu kwenye beseni. Maji yakatulia.

"Muda gani?"

"Robo saa. Imezidi kidogo."

"Robo saa zingepoa?"

"Zingepoa."

Sunniva alitoa miguu kwenye beseni. Nje walikuwa wanapiga wimbo wa Waswidi kwenye vipaza sauti. Hakulia wala hakurusha kitu. Alijifuta mguu mmoja, akajifuta wa pili, akavaa soksi, taratibu, kwa sababu vidole vilikuwa havikunjiki.

"Kilomita ishirini za mwanzo nilikuwa naburuta," alisema mwishowe. "Nilimaliza nguvu zangu huko. Pale mwishoni, mkono wa kushoto ulikataa. Niliuambia uje, haukuja." Akafunga kamba ya kiatu kwa shida. "Brashi nisingekulaumu. Brashi ni ujinga, kila mtu ana ujinga wake. Ile robo saa ilikuwa yangu, Arvid. Hukuwa na ruhusa ya kuitumia."

Akachukua begi lake akateremka ngazi.

Kombe lilikwenda Uswidi. Mfadhili hakutia saini, na timu ya watu tisa ikavunjika kabla theluji ya bondeni haijayeyuka. Lori liliuzwa. Hege alipata kazi kwa Kjell-Åke. Alipoondoka hakumuaga Arvid, na simu zake hapokei. Sunniva hakushindana tena. Alirudi kufundisha hisabati, na mkono wa kushoto ulibaki na ganzi kwenye vidole viwili. Arvid hakuitwa na timu nyingine, wala hakuomba. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, zamu ya asubuhi.